Vidonge vya Muhogo

Katika fomu yetu ya utafiti, swali la kumi na moja liliuliza rangi ya choo. Nilikuwa nesi msaidizi, msichana wa miaka ishirini na ushei kutoka Kusini, sare nyeupe imepigwa pasi ya mkaa, na kazi yangu ilikuwa kupita nyumba kwa nyumba Kariakoo nikiwaamkia shikamoo wanawake walionizidi umri, kisha kuwauliza haja kubwa yao ya asubuhi ilikuwa na rangi gani. Wengine walinifukuza. Mmoja aliniambia nikamwulize mumewe. Mama mmoja muuza ndizi, mwembamba, anayehema akizungumza, aliniitikia marahaba vizuri tu, akasikiliza swali mpaka mwisho, akaniuliza, "Na wewe yako je?"

Nikaondoka kwa hasira bila kumjibu. Ningejua kwamba swali lile litakuja kunikuta ukumbini, mbele ya mgeni wa Ulaya, ningemjibu palepale tukamalizana.

Nieleze ilivyokuwa. Ilikuwa miaka ya Ujamaa, na kitengo chetu kilikuwa vyumba viwili nyuma ya zahanati, kimoja kinavuja. Daktari wetu, kijana wa hapahapa aliyerudi karibuni kutoka masomoni ng'ambo, alikuwa na uchungu mmoja moyoni. Damu ya watu wetu ilikuwa inatolewa hapa, inawekwa kwenye barafu, inapandishwa ndege, inapimwa Ulaya, na majibu yakirudi sisi tumeshasahau swali. Mara nyingine hayakurudi kabisa. Yalichapwa kwenye jarida, na hilo jarida hatukuwa na uwezo wa kulinunua. "Nchi isiyoweza kujipima damu yake," alikuwa akisema, "imepata bendera, uhuru bado." Alitaka utafiti mmoja tu, mdogo, lakini wetu toka swali mpaka jibu. Ukifaulu, wafadhili wangetuwekea maabara, na mmoja wetu angepelekwa kozi ya mwaka mzima kujifunza kazi ya utafiti. Daktari alikwisha niahidi kwamba huyo mmoja ni mimi, nami nilikwisha waandikia nyumbani.

Utafiti wenyewe ulihusu damu pungufu, ambayo wanawake wengi wa mitaa ile walikuwa nayo. Vidonge vya kuongeza damu, vyenye madini ya chuma, vilikuwa vikiagizwa kutoka nje, lakini hakuna aliyekuwa amepima kama vinawasaidia watu wetu, kwa chakula chetu na malaria yetu. Basi nusu ya wanawake wapewe vidonge vya kweli, nusu wapewe vya uongo, halafu tuone damu ya nani inapanda. Vya uongo alivitengeneza mfamasia wa zahanati kwa unga wa muhogo, akavipaka sukari yenye rangi ya matofali mpaka ukiviweka pamoja na vya kweli huwezi kuvitofautisha. Sukari ilikuwa haionekani mjini, na foleni ya kuitafuta niliipanga mimi.

Vidonge vilitiwa kwenye vikopo vya namna mbili, vyenye kibandiko cha bluu na vyenye kibandiko cha njano, na kila mwanamke alipewa kadi yenye rangi ya kopo lake. Kipi ni dawa na kipi ni muhogo kiliandikwa kwenye karatasi, karatasi ikatiwa bahasha, bahasha ikapigwa lakiri, ikafungiwa kwenye sefu ya mfamasia. Daktari mwenyewe hakujua. Anayetoa asijue, anayepokea asijue, alitufundisha, ili jibu lisipendelewe na mtu.

Tulikuwa tayari kwa kila kitu isipokuwa mumiani. Uvumi ulienea kwamba sisi ndio wale wakamua damu wa tangu enzi za mkoloni, tumerudi kwa njia ya zahanati. Nikitokea na kisanduku changu cha sindano, watoto walikimbia ndani na mikeka ikakunjwa barazani. Muuza nyanya mmoja alifunga genge saa nne asubuhi kwa ajili yangu. Wiki ya pili tulikuwa tumepata damu ya mtu mmoja, naye alikuwa mlinzi wetu.

Daktari akanituma kwa Balozi. Huyu alikuwa kiongozi wa Chama wa nyumba kumi, mama wa makamo, mpika vitumbua, mwenye sauti ya kumwita mtu kutoka mtaa wa pili. Yeye ndiye aliyegawa sukari na sabuni za mgao zilipofika, kwa kikombe kimoja kilichokatika mkono, na hakugawa sawa hata siku moja. Alikutazama kwanza. Mwenye mzazi ndani alipata kikombe na nusu, mwenye mume baharia alipata nusu na macho makali. Nilimwuliza siku moja kwa nini watu hawanung'uniki. "Wakinung'unika nitagawa sawa," akasema, "na wote wanajua sawa si haki."

Aliitisha mkutano uani kwake, akanipa nafasi niseme. Hapa ndipo kosa langu lilipozaliwa, na sitamsukumia mtu. Daktari alikuwa ameniandikia maneno ya kusema, yenye adabu na maelezo marefu ya vikopo viwili. Nilipoona nyuso zimenuna nikaitia karatasi mfukoni, nikapaza sauti kama nilivyosikia wenzangu wakifanya kwenye mikutano. "Ndugu zangu! Damu hii ni yetu! Dawa hii ni yetu! Utafiti huu ni mali ya wote, tusiwaachie wageni!"

Makofi yakapigwa. Balozi akasimama, akawageukia watu wake. "Mmesikia? Mali ya wote. Msije mkasema sikuwaambia."

Kesho yake kulikuwa na foleni ya kutoa damu, na wanawake wawili walitaka kupigana kwa sababu ya nafasi. Daktari alinisifu mbele ya mfamasia. Kichwa kilivimba.

Sasa, vidonge vya chuma humfanya mtu apate choo cheusi. Daktari alilijua hilo, ndiyo maana swali la kumi na moja lilikuwepo, limefichwa katikati ya usingizi na hamu ya chakula, majibu yake yasisomwe mpaka siku ya kufungua bahasha. Alichosahau, kwa kukaa miaka mingi kwenye nyumba zenye choo cha ndani cha mtu mmoja, ni nyumba ya Kiswahili. Vyumba sita, familia sita, choo kimoja uani, na kila asubuhi wanawake wanaosha vyombo pamoja na kusemezana yote. Ijumaa ya kwanza haijafika, nyumba zote kumi zilikuwa zinajua kwamba bluu ni dawa na njano ni danganya toto. Mmoja alitafuna kidonge cha njano akasema ni muhogo, tena haukukauka vizuri. Bahasha ilikuwa bado kwenye sefu na lakiri yake, na Daktari alikuwa akipita kila siku kuhakikisha haijaguswa.

Mimi nilijua. Nilijiambia sijui, maana kujua hakukuwa sehemu ya kazi yangu.

Mwezi wa tatu majibu yakageuka. Wenye kadi za njano ndio wakaanza kusema cheusi, na wenye bluu wakasema kawaida tu, nesi, kama cha watu wote. Nilidhani nimechanganya fomu. Nikarudi nyumba ya kwanza nikauliza upya, na mwenye kadi ya bluu akacheka mpaka akajifunika kanga. "Kamwulize Balozi," akasema.

Nikaenda Jumamosi mchana. Uani kulikuwa na mkeka, juu ya mkeka nyungo mbili, na kwenye kila ungo vidonge vimetandazwa vizuri kama mchele unaosubiri kuchambuliwa. Vikopo vyetu vilikuwa vimepangwa pembeni, vifuniko wazi. Wanawake walikuwa kwenye foleni. Balozi alikuwa amekaa kwenye kigoda, na kila aliyefika mbele yake alimshika kidevu, akamvuta kope ya chini kwa kidole gumba, akamtazama ndani ya jicho. Vilevile kabisa kama nilivyokuwa nikifanya mimi mbele yake miezi miwili.

"Nyekundu. Wewe mzima, usituchezee, chukua muhogo."

"Nyekundu kidogo. Muhogo, na mchicha uule."

Akafika mama muuza ndizi, yule wa "na wewe yako je". Siku hizo alikuwa haendi tena sokoni kwa sababu hawezi kubeba mkungu, na foleni aliipanga huku ameegemea ukuta. Kadi yake ilikuwa ya njano. "Nyeupe kama karatasi," Balozi akasema, akamhesabia vidonge kutoka ungo wa bluu. "Hivi ukale na ndimu. Usimpe mtu."

Baada ya kugawa, vidonge vya kila mtu vilirudishwa kwenye kopo lake mwenyewe, idadi ileile. "Hesabu yako hatukuiharibu," Balozi aliniambia aliponiona, kwa sauti ya kunituliza.

Nilifoka. Nilifoka mpaka kuku wakaondoka uani. Nilisema wameniua, wamemwua Daktari, huu ni utafiti, si mgao wa sabuni.

"Nani kasema si utafiti?" Balozi alijibu bila kuinuka. "Tumetafiti, tumejua. Bluu ni dawa, njano ni futari. Wa bluu wamekula miezi miwili, wamekuwa wekundu; weupe waliobaki ni wa njano. Ulitaka tujue halafu tufanye nini, mwanangu? Tuwatazame weupe wakila muhogo?"

"Mlitakiwa msijue!"

"Basi mngetafuta watu wasiokwenda chooni. Na ulisema mali ya wote. Mali ya wote anapewa mwenye haja." Akanitazama, kichwa kimeinama upande, kama alivyokuwa akitazama watu siku za sukari. "Hebu njoo hapa."

Sijui kwa nini nilikwenda. Alinishika kidevu, akavuta kope.

"Jamani," akasema, "huyu mtoto ndiye mweupe kuliko wote."

Nilikuwa nikiona kizunguzungu nikipanda ngazi za hospitali kuu kupeleka damu za watu. Nilikuwa nikilala mchana juu ya mafaili, nikisema ni uchovu wa kazi. Nilikuwa nimewapima wanawake wote wa nyumba zile na hapakuwa na mtu aliyenipima mimi, wala sikuwahi kufikiri kwamba nami nina damu. Balozi alinihesabia vidonge vya bluu kiganjani, vya wiki nzima. Nilikuwa na hasira, nilikuwa na aibu, na nilimeza kimoja palepale kwa maji ya mtungi.

Nilipaswa kwenda kwa Daktari Jumatatu. Sikwenda. Nilijiambia nitakwenda Jumatano. Jumamosi nilikwenda kwa Balozi kuchukua vingine. Kila kidonge nilichomeza kilitoka kwenye kopo la mwanamke mwenye namba katika daftari langu, na mimi ndiye niliyekuwa naandika mbele ya namba ile kwamba amekula dawa yake yote, na kwenye swali la kumi na moja narudia majibu ya miezi ya mwanzo. Niliogopa kuikosa kozi, huo ndio ukweli. Ukweli mwingine ni kwamba nilikuwa napona. Mwezi haukwisha nikawa napanda ngazi bila kushika ukuta, na jibu langu la swali la kumi na moja lilikuwa cheusi.

Miezi ikapita, damu ikapimwa mara ya mwisho, bahasha ikafunguliwa. Daktari alijifungia na makaratasi yake siku mbili. Alipotoka, shati lilikuwa nje ya suruali.

"Muhogo umeshinda," akasema.

Waliopewa chuma walipanda kidogo mwanzoni, kisha wakarudi karibu palepale. Waliopewa muhogo walipanda vizuri, na walioanza weupe zaidi ndio waliopanda zaidi. Alihesabu upya. Alimwita mfamasia amtuhumu kuchanganya dawa, mfamasia akaapa kwa Mungu na kwa mama yake. Nilikuwepo nimesimama mlangoni na faili kifuani. Daktari akakaa, akajifuta uso. "Jibu tusilolipenda bado ni jibu," akasema. "Tutalisoma kama lilivyo." Angenitukana isingeniuma vile.

Basi mkutano ukaitishwa kwenye ukumbi wa tawi. Alikuwepo mgeni wa wafadhili kutoka Ulaya, alikuwepo Mwenyekiti wa tawi, alikuwepo ofisa kutoka ofisi moja ya juu, walikuwepo wanawake wote na kadi zao, na Balozi mstari wa mbele kwenye kiti cha heshima. Daktari alisoma majibu kwa sauti ya chini, mara ya kwanza kwa Kiswahili, mara ya pili kwa Kiingereza, na mara zote mbili alionekana kama anasoma msiba. Mgeni aliandika upesi upesi. Akanyoosha mkono kuuliza: je, ulikuwa muhogo mtamu au muhogo mchungu? Daktari akasema hajui. Mfamasia akasema alinunua Kariakoo, wa kawaida tu.

Ofisa akainuka, uso unang'aa. "Ndugu wananchi! Miaka yote tumekuwa tukipoteza fedha za kigeni kuagiza vidonge vya chuma, kumbe dawa iko shambani kwetu! Huku ndiko kujitegemea!" Ukumbi ukalipuka makofi. Akasema kesho yenyewe ataandika kupendekeza vidonge vya nje visimame, na kiwanda cha vidonge vya muhogo kijengwe, ikiwezekana wilayani kwao, ambako muhogo unastawi sana. Makofi tena. Wanawake nao walipiga, kwa sababu ofisa akisema watu hupiga makofi, hiyo haihitaji kufikiri. Mama muuza ndizi alikuwa anapiga makofi. Alikuwa amenenepa kidogo, amerudi sokoni, mikungu anabeba mwenyewe, na pale alikuwa anashangilia dawa yake iondolewe nchini.

Balozi hakupiga. Alikuwa amegeuka kwenye kiti chake, ananitazama mimi.

Nikasimama. "Samahani, Daktari," nikasema. "Muhogo haukushinda. Vidonge vilihamishwa."

"Vilihamishwa na nani?"

Nikamtazama Balozi. Ofisa akapiga meza. "Nesi anatibua mkutano! Kaa chini!"

"Asikae." Balozi alikuwa amekwisha simama, na sauti yake ilifika mpaka barabarani. "Mwenyekiti, naomba jambo hili lipigiwe kura. Wote waliopata choo cheusi, toka mwezi wa tatu mpaka mwisho, wanyooshe mkono juu na kadi yao. Msione haya, jamani. Mficha uchi hazai."

Ukumbi ukapasuka kicheko, halafu ikaja aibu, kanga zikapanda usoni. Mama muuza ndizi akaacha kupiga makofi. Alitazama kulia na kushoto, akaunyoosha mkono wa kwanza, na kadi iliyokuwa juu ilikuwa ya njano. Ukafuata wa pili. Wa tatu. Wakaendelea kunyoosha, na zote zilikuwa njano, njano tupu, hakuna bluu hata moja. Mgeni aliuliza kinachoendelea, na kazi ya kutafsiri ilikuwa ya Daktari. Sitasahau Daktari akimweleza mzungu, kwa Kiingereza chake safi cha chuo kikuu, kura ile ilikuwa inahusu nini. Mgeni akaweka kalamu chini.

"Bado mkono mmoja," Balozi akasema.

Hakunitaja. Angeweza kunitaja, hakunitaja. Nilifikiria kozi, nilifikiria barua niliyoandika nyumbani. Sikuwa na kadi ya rangi yoyote. Nikanyoosha mkono mtupu.

Daktari alikuwa akihesabu kwa kidole, mkono baada ya mkono, kwa mazoea ya kazi. Kidole kilipofika kwangu kikasimama. Akashuka jukwaani, akapita katikati ya viti, akanishika kidevu mbele ya watu wote na kunivuta kope ya chini.

"Nyekundu," akasema taratibu. "Tangu lini?"

"Tangu mwezi wa tatu, Daktari."

"Na kabla?"

"Nyeupe. Hakuna aliyetazama."

Akaniachia. Alirudi jukwaani akasema utafiti umefutwa, vidonge vya chuma viendelee kuja, na asiyekubali akawaulize wenye mikono juu. Ofisa alikwisha kuondoka.

Kozi alikwenda mtu mwingine. Nililia, sitasema sikulia. Maabara haikujengwa mwaka ule wala uliofuata. Daktari hakusema nami wiki tatu zaidi ya maneno ya kazi, halafu alasiri moja nilimkuta uani kwa Balozi, amekaa mkekani na suruali yake ya ng'ambo, anakula kitumbua na kuandika. Utafiti wa pili ulipangwa pale. Rangi haikutolewa tena kwa mtu mmoja mmoja. Balozi alisema huwezi kugawa nyumba moja mafungu mawili, lakini nyumba kumi kwa nyumba kumi waweza, kwa kuwa mabalozi hawapeani kitu. Na walio weupe kabisa, kila mtaa, wapewe dawa ya kweli kwanza, ndipo watafiti waanze kuficha mambo yao. Daktari aliandika yote. Mwisho akaongeza sharti moja kwa mkono wake juu kabisa ya fomu: anayeuliza apimwe kwanza.

Siku ya kwanza ya utafiti huo, Daktari alinipima mwenyewe, akaijaza fomu yangu mpaka swali la kumi na moja, nami nikajibu. Kisha nikachukua kisanduku nikaingia mitaani. Jina la kwanza kwenye orodha lilikuwa la mama muuza ndizi. Nilimwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba, akanikaribisha kwenye kigoda. Nikamwambia choo changu kilikuwa na rangi gani asubuhi ile, ndipo nikamwuliza chake.